Meli za Nchi Kavu

Tarehe 4, mwezi wa tatu

...basi, kama nilivyokuwa nasema kabla Mama Pasi hajanikatiza na habari za jino lake, zile si baiskeli, ni meli. Usicheke. Na mimi nilicheka, nikakatazwa.

Vita imezichukua meli zote. Hata ile mashua kuukuu ya kufundishia, iliyokuwa inakohoa kama mvuta sigara, imepakwa rangi ya kijivu ikapelekwa. Chuo kimebaki na makadeti na uwanja. Sasa utamfundishaje mtu uafisa wa majini bila meli? Ndipo wakubwa wakanunua baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuuzia mikate, zenye sanduku mbele. Sanduku wamelizungushia turubai mpaka juu, wakaacha upenyo kidogo wa kuchungulia. Ndani anakaa nahodha na dira yake. Nyuma anakaa wa kukanyaga, yeye ndiye injini na yeye ndiye usukani, na mbele haoni kitu ila turubai. Kando anadandia wa bendera. Hiyo ni meli moja. Nyingine zinafuata nyuma kwa msururu, zinageuka, zinaviziana, zinajifanya zinapigana, na mimi hapa kwenye kamba zangu za nguo naona vita nzima bila kulipa kiingilio.

Sheria yao ni hii. Nahodha anasema, "Kulia!" Mkanyagaji anajibu kwa sauti, "Kulia!" halafu ndiyo anageuza. Asiposikia, hageuzi. Anaendelea mbele hivyo hivyo hata kama mbele kuna ukuta.

Na hili daftari? Nimepewa na Afande Bati, mkuu wa mafunzo. Tunamwita Bati kwa sababu akiongea ni kama mtu anamwaga kokoto juu ya paa. Jana kaingia hapa chumba cha kufulia, kasimama kati ya mashuka.

"Mama, ni wewe uliyemwambia muuza mikate kwamba maafisa wa gatini wameleta sare zao zote kwa mpigo?"

"Ni mimi afande, lakini nilikuwa nalalamika tu, mgongo unaniuma."

"Wakileta zote kwa mpigo maana yake nini?"

Nikajitia kukunja shuka. Maana yake meli inaondoka, kila mfuaji anajua.

"Huo mdomo wako hauna mlango?"

"Mlango upo afande. Bawaba ndiyo zimelegea."

Mama Pasi akajificha nyuma ya meza yake ya kupigia pasi. Mimi nikajua leo nafukuzwa. Kumbe Afande kavuta mdomo kwa ndani, kama mtu anayezuia kucheka, kesho yake ndiyo hii kaniletea daftari. "Maneno yakikujaa, yamwage humu. Majina usiandike, ya watu wala ya mahali. Na likae kwenye kabati la sabuni, na ufunguo unao wewe." Basi shikamoo daftari. Nashukuru hata kwa kutofukuzwa.

Tarehe 5

Mvua. Nguo hazikukauka.

Tarehe 9

Leo nimeona meli ikizama.

Kwanza nikutambulishe. Kati ya makadeti kuna binti yangu. Nimezaa wa kiume tu, huyu ni wa marehemu dada, lakini nimemlea tangu anang'oka meno ya utoto, kwa hiyo ni wangu. Mimi ni mama yake mdogo na mama yake mkubwa na baba yake, vyote. Wenzake wanamwita Sindano. Mwembamba, halafu hana kelele. Tangu mdogo yuko hivyo, unadhani uko peke yako jikoni, unageuka, kumbe amekaa hapo kitambo na kashamaliza kumenya viazi. Mama Pasi husema, "Na wewe nyumbani, yeye angeongea saa ngapi?" Mwenye jino bovu asiyenyamaza!

Leo ilikuwa zamu ya Sindano kuwa nahodha. Mkanyagaji wake ni kijana mmoja mrefu kama nguzo, magoti yanagonga usukani kila akikanyaga. Wanamwita Nguzo, sikumpa mimi. Wakaja kasi upande wetu. Wenzao wa mbele wakageuka vizuri. Nikasubiri na wao wageuke. Wapi! Nikaona pua ya lile sanduku inakuja, inakuja, nikapiga kelele, "Mashuka yanguuu!" na meli ikaingia kwenye kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu, ikajifunika shuka kama bibi harusi, ikalala kwenye tope.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Makadeti wote wakacheka. Nguzo katokea ndani ya shuka na foronya kichwani, anasema, "Sikusikia amri, afande. Naapa sikusikia kitu."

Afande Bati hakucheka. Akaja polepole, akasimama mbele ya Sindano. "Ulitoa amri?"

"Nilitoa, afande." Na hata hilo jibu nililisoma midomoni tu, sikulisikia.

"Uliitoa kwa nani? Kwa dira? Watu wote wa meli hii wamekufa, kadeti. Wamekufa wakikusubiri useme."

Hapo cheko likaniisha. Nilimwona usoni. Mtoto huyu aliungua mkono akiwa mdogo na hakulia, lakini leo kidevu kilikuwa kinamcheza. Nikamchukia Afande Bati. Naandika kwa sababu humu naruhusiwa.

Tarehe 10

Nimefua mashuka ya jana upya. Tope la uwanjani halitoki.

Tarehe 14

Sindano kaja kuchukua nguo zake. Makadeti wanakuja mmoja mmoja dirishani, na mimi nampa wake mwisho ili tuibe dakika.

"Ma'mdogo," kasema, "nisipofaulu zamu ya unahodha kabla mvua hazijaisha, wananipeleka bohari ya bara."

"Kufanya nini?"

"Kuhesabu soksi za jeshi."

"Na soksi zina ubaya gani? Soksi hazizami."

Hakucheka. Zamani mafunzo yao yalikuwa ya miaka. Sasa wanayasukuma yote ndani ya msimu mmoja, anayechelewa hasubiriwi. Akaegemea dirisha, akasema kwa ile sauti yake ya kuazima, "Wale walioko baharini wapo tangu vita ianze. Wamechoka, Ma'mdogo. Wanangoja watu wa kuwapokea zamu. Mimi dira naijua, ramani naijua, nyota nazijua. Nikae nahesabu soksi kwa sababu sisikiki?"

Nikamwambia Mungu atajalia. Alipoondoka, moyo ukanituliaaa. Bohari ya bara! Hakuna bahari, hakuna bomu, kuna soksi na kuta za mawe. Nikaimba kazi nzima. Mama Pasi akauliza nimeokota nini.

Tarehe 17

Mvua tena. Mama Pasi kang'olewa jino, kimya kimetawala. Nashukuru.

Tarehe 20

Nimekuja mapema kuwasha boila, nje kumepauka tu, manyunyu yanadondoka. Nikaona watu wawili uwanjani. Sindano kasimama kwenye ukuta, mikono nyuma. Afande Bati kasimama mbele yake karibu, kama watu wanaosalimiana.

Sindano akasema, "Kulia kumi!" yaani nyuzi kumi za dira.

Afande akarudia, "Kulia kumi!" halafu akarudi nyuma hatua moja. Hakugeuka, alirudi kinyumenyume, macho kwake.

"Kushoto ishirini!"

"Kushoto ishirini!" Akarudi nyuma tena.

Wakaenda hivyo. Akisikia, anarudi nyuma. Asiposikia, anasimama tu, hasemi neno, anangoja, manyunyu yanamtiririka puani. Hagombi. Yule Bati ambaye akikohoa kunguru wanahama! Alipofika katikati ya uwanja, mtoto akasema mara nyingi na yeye hakusogea. Mimi nikaloa nikawatazama. Mwishowe akaja mbele mpaka alipoanzia, wakaanza upya.

Nilimpelekea chai. Mimi na umbea wangu hatukuweza kukaa ndani.

"Unafikiri namtesa," kasema.

"Nafikiri mengi afande, ila umenipa daftari."

Akacheka sasa kweli. "Huyu mtoto kwenye dira hakuna anayemgusa. Akikwambia geuka, geuka. Lakini anatoa amri kama mtu anayemwomba jirani chumvi."

Nikamwangalia vizuri. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Huu ulikuwa muda wake wa chai ya asubuhi, na alikuwa ameutoa kusimama kwenye mvua kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Nikakumbuka nilivyoandika tarehe 9. Sijafuta, lakini nimeongeza sukari kwenye kikombe chake.

Tarehe 23

Leo Afande amefika nusu ya uwanja na kupita. Nguzo naye kajiunga, anasimama pembeni na kurudia amri kwa mdomo umejaa mkate. Mama Pasi kasema, "Huyo kijana haji kwa ajili ya amri." Nikamwambia anyamaze, kidonda cha jino hakijapona. Lakini nimeona pia.

Tarehe 27

Meli imepigwa. Siandiki ipi. Wamerudi wachache.

Kwenye rafu yangu kuna fungu la nguo la afisa mmoja aliyemaliza hapa msimu uliopita. Kijana wa utani, alikuwa ananiita Radio. "Radio, habari za leo nini?" Aliacha shati mbili na suruali, akasema nitazifuata tukirudi. Nimezifua, Mama Pasi kazinyoosha, kazifunga na uzi. Leo nimeliangalia lile fungu, sikujua niliweke wapi. Kulitoa rafuni nashindwa. Kuliacha, kila nikigeuka naliona. Mama Pasi amelichukua, akalifungua, akazipiga pasi tena zote, kola, mikono, mifuko, polepole, na akalifunga upya akalirudisha palepale.

Usiku wa leo nitamwomba Mungu kitu ambacho mama hatakiwi kuomba. Nitaomba mtoto wangu asifaulu.

Tarehe 30

Nimeomba. Sijisikii vizuri. Mvua.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Afande kaja chumba cha kufulia. Mtihani ni tarehe 6. Mkuu wa chuo atakuwepo, na afisa mmoja kutoka baharini.

"Mama, ile mashine yako ya kukamulia."

"Nitaizima afande, msiwe na wasiwasi." Maana ile mashine ikizunguka, hata ukipigwa kofi husikii.

"Usizime. Iwashe mwanzo mpaka mwisho. Meli haina siku injini inanyamaza ili nahodha asikike."

Alipotoka, Mama Pasi kanishika mkono. "Mwenzangu, siku hiyo wewe zima. Sema umeme ulikatika. Mtoto apite."

Yeye hajui nilichoomba. Nimekaa na swichi ile kichwani tangu mchana. Nikizima, atapita kwa huruma yangu, halafu huko baharini nani atamzimia injini? Nikiwasha, nitakuwa nimetii amri, na akianguka nitakuwa na furaha, na furaha hiyo nitaificha wapi? Kwenye kabati la sabuni haienei.

Tarehe 6

Nimewasha.

Andika taratibu, wewe mwanamke.

Mvua ilikuwa inanyesha si kidogo. Pembe za uwanja wameweka mapipa, wakachoma majani mabichi na matairi, ili moshi uwe kama wa vita. Mkuu wa chuo yuko chini ya mwavuli. Yule afisa wa baharini hakutaka mwavuli, kasimama tu mvuani kama kaizoea. Mashine yangu inanguruma, paa linanguruma, mimi niko mlangoni, mkono kwenye swichi. Bado nilikuwa sijaamua, namwambia ukweli yeyote atakayesoma.

Meli zikatoka. Sindano alikuwa nahodha wa ya tatu, Nguzo anakanyaga. Mwanzoni niliziona, halafu moshi ukashuka ukazimeza, nikawa naona bendera tu, na baadaye hata bendera sioni. Nikatega sikio. Mashine tu. Mvua tu. Nikasema, basi, imekwisha, soksi.

Halafu nikasikia, "Kulia kumi!"

Haikuwa kelele. Ilikuja chini ya ule mngurumo, ikapita, kama mtu anayepita katikati ya watu sokoni bila kumsukuma yeyote. Nikasikia Nguzo, "Kulia kumi!" Nikamshika Mama Pasi. "Ni yeye!" Mama Pasi akasema, "Ni nani? Ile sauti ya nani?" Hakuijua, na amemjua mtoto huyu miaka yote.

Meli yao ikapita mbele yetu, ikageuka pale pale penye kamba, safi, na wala haikugusa kibanio.

Sasa sikiliza. Meli ya pili, iliyokuwa mbele yao, gurudumu lilinasa kwenye tope. Ikapinduka upande. Wa bendera akarushwa, akaanguka njiani, na mguu ukabanwa chini ya sanduku. Na nyuma wanakuja wengine, kasi, wamefunikwa turubai, hawaoni. Zile baiskeli ni chuma na mbao na watu watatu watatu, zikikupita kichwani hazina mchezo. Sindano kamwona kwenye upenyo. Kisheria meli moja haiamrishi nyingine kwa mdomo, ni bendera. Na bendera kwenye moshi ule ni sawa na kumkonyeza kipofu.

"ZOTE SIMAMA!"

Daftari, sijui nikuelezeje. Nguzo alibana breki mpaka akasimama juu ya pedeli. Wa nyuma wakasimama, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho pua yake ikagusa ya mbele yake, kidogo tu, kama mbuzi wanaonusana. Mkuu wa chuo aliyekuwa anatembea, akasimama. Mama Pasi akainua pasi juu ya shati, akabaki nayo hewani. Na mimi, ule mkono wangu uliokuwa haujaamua, ulizima mashine. Sikuuambia. Ulisikia amri ukatii.

Kimya. Mvua tu. Na sauti ya yule wa bendera chini ya sanduku, "Niko hai jamani, ila kiatu changu!"

Wakamtoa. Kifundo kimevimba, ni hivyo tu. Sindano akashuka, akasimama mkakamavu mbele ya Afande Bati, tope mpaka masikioni.

"Nimeamrisha msururu bila idhini, afande."

Alisema kawaida. Na mimi nilikuwa mbali, mlangoni, na nikasikia kila neno.

Yule afisa wa baharini ndiye aliyejibu. Kasema, "Nani atanipa huyu kwenye meli yangu?"

Afande Bati akageuka kutazama upande mwingine, anajifuta mvua usoni. Mvua ilikuwa nyingi, sikatai.

Tarehe 7

Amefaulu. Atakwenda.

Nimekaa nyuma ya boila nikalia, halafu nikashukuru. Nilitaka kushukuru kwa kuwa hakufa mtu, nikajikuta nashukuru kwa mengine. Nimeshukuru kwa Nguzo na magoti yake. Nimeshukuru kwa mtu aliyesimama mvuani akirudi kinyumenyume, mpaka mtoto wangu akajua sauti yake inafika wapi. Ombi langu la tarehe ile nimeliomba lirudi. Kama lilishafika, lirudi. Yule kijana wa bendera ana mama mahali fulani, anafua au anapika, na leo hajui kitu, na asijue.

Tarehe 9

Nimemshonea vifungo. Sare nyeupe, ya afisa. Mama Pasi hakuniruhusu kuipiga pasi, kasema mikono yangu imejaa machozi yatatia madoa. Tuligombana. Akashinda.

Tarehe 12

Fungu la yule kijana aliyekuwa ananiita Radio, mama yake mzazi kaja kulichukua. Nimempa mkononi. Kazinusa zile shati, kasema, "Zimepigwa pasi vizuri." Nikamwambia ni mwenzangu yule pale. Wakashikana mikono na Mama Pasi muda mrefu. Nimemsindikiza mpaka getini. Aliniuliza kama nina mtoto chuoni. Nikasema ninaye. Akasema, "Mpigie makofi akiondoka. Mimi nililia tu, nikasahau makofi."

Tarehe 14

Nguo za gatini zimekuja zote kwa mpigo. Muuza mikate kauliza mbona leo mna kazi nyingi. Nikamwambia naumwa mgongo. Kauliza kwa nini. Nikamwambia uzee. Akaondoka. Afande Bati alikuwa nyuma ya mlango, mchunguzi yule, kanisikia. "Bawaba umezitia mafuta," kasema. Kumbe anakumbuka.

Nikamuuliza naye ataenda lini baharini. Kasema haendi, wamemwambia abaki, kuna msururu mwingine wa makadeti unakuja wiki ijayo. Kasema hivyo kama mtu aliyehukumiwa. Nikamwambia, "Afande, utakuwa unakunywa chai hapa kila asubuhi, adhabu gani hiyo?" Kasema sukari nimezidisha mno siku hizi.

Tarehe 15

Leo. Hawajaniambia saa. Nimevaa kitenge kipya chini ya aproni ili nisionekane nilijua. Mama Pasi kaja na lipstiki, mtu hana jino! Sindano kapita asubuhi dirishani, sare inang'aa, Nguzo nyuma yake kabeba mabegi yote mawili. Tukaongea soksi. Kweli, soksi tu, nimempa jozi nzito, nikamwambia hizi usizihesabu, zivae. Akacheka. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na sikuyasema, kwa hiyo nayaandika hapa yote, nianze na la mama yake, kwamba marehemu dada naye alikuwa mtu wa kimya, lakini siku moja tulipokuwa wasichana, tukiwa tumeto

Ananiita. Kutoka getini kule, na boila inawaka, na mashine inazunguka, na nimesikia kama yuko humu ndani. "Ma'mdogo! Tunaondoka!" Makofi, nisisahau makofi, Mama Pasi shika huu ufung